Kipindi cha pili na adhana ya Magharibi

 

Ndugu wasomaji, wapo watu katika miji yetu ambao ukiwauliza umri wao hawakutajii mwaka waliozaliwa, wanakutajia mechi. Mmoja atakwambia alikuwa darasa la nne siku ya "sita bila", naye anakusudia tarehe 19 Julai 1977, Simba ilipoifunga Yanga mabao 6-0 na Abdallah Kibadeni akapachika matatu peke yake. Mwenzake wa upande wa pili atakwenda nyuma zaidi, hadi mwaka 1968, Yanga iliposhinda 5-0, na kama hakuwapo uwanjani atasema baba yake alikuwapo. Watu hawa hawakuchagua timu. Waliikuta nyumbani kama walivyolikuta jina la ukoo. Yanga iliasisiwa 1935, Simba 1936, na tangu hapo Kariakoo imegawanyika pande mbili, Jangwani na Msimbazi, mwendo wa dakika chache kwa miguu baina yao.

Makala haya yanahusu siku moja katika maisha ya mtu wa namna hiyo, yaani siku ya mechi. Mwandishi naye ana timu yake. Hataitaja hapa, kwa kuchelea kwamba nusu ya wasomaji watalifunga gazeti kabla ya kufika katikati.

Mazungumzo yetu ya dini kuhusu mpira, kwa kawaida, yana njia mbili. Ama khatibu hupanda juu ya mimbari akaukemea mchezo wote kuwa ni upuuzi, ama hunyamaza kabisa. Kijana anayekemewa huitikia amina, kisha Jumamosi yuko uwanjani. Aliyenyamaziwa naye yuko uwanjani vilevile. Wala hakuna kati ya wawili hao aliyepata la kumsaidia siku hiyo, naye ana saa tisa au kumi za kukaa nje ya nyumba yake, pengine amefuatana na watoto wawili, katikati ya watu 60,000.

Asili ya kutazama mchezo haina ubaya. Tunasoma katika Sahihi ya Bukhari kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini Madina, naye Bi Aisha (r.a.) akawatazama huku Mtume (S.A.W.) akimsitiri, na hakumwondoa mpaka yeye mwenyewe alipotosheka. Mume alisimama kumsubiri mkewe amalize kutazama mchezo. Wale wanaodhani kwamba uwanja ni mahali pa mwanamume kuwakimbia watu wa nyumbani kwake wangeizingatia habari hii. Kwa hiyo swali letu si kama inajuzu kwenda. Swali ni namna mtu anavyokwenda, anavyokaa na anavyorudi.

Siku yenyewe huanza mapema. Kabla ya jua kupanda, mabasi yameshaingia kutoka Morogoro, Tanga na Dodoma, na boti za Zanzibar zimeteremsha wao. Kariakoo nzima ni nyekundu na nyeupe upande mmoja, kijani na njano upande mwingine. Wachuuzi wa jezi na skafu wamejaa barabarani. Mzee wa miaka sitini na ushei, ambaye siku nyingine hulalamikia magoti, leo anatembea kama kijana. Amevaa kofia yake ya vito na juu ya kanzu amekunja skafu ya timu. Anazungumzia fainali ya Kombe la CAF ya 1993, Simba ilipotoka sare Abidjan kisha ikafungwa 2-0 na Stella hapa hapa Dar es Salaam mbele ya Rais Mwinyi, kama vile ni jambo la juzi, na bado linamwuma. Akishatulia atakutolea dawa yake: mwaka 2003, Simba ilipoivua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa mikwaju ya penalti mjini Cairo. Furaha na majonzi yake yote yamepangwa kwa misimu.

Huyu ni mtu wa kuheshimiwa. Katika zama ambazo kila kitu hubadilishwa kabla hakijachakaa, yeye amebaki na jambo moja kwa nusu karne, bila ujira. Uaminifu huo ni tabia njema, na aliyeuzoea katika jambo dogo amekwisha kupata nyenzo ya kuuweka katika kubwa. Ila siku ya mechi ina vipindi vyake vya kumjaribu mtu, na kigumu kuliko vyote kina saa yake maalumu.

Mechi kubwa nyingi za watani zimekuwa zikianza saa 11 jioni. Hebu tufanye hesabu. Kipindi cha kwanza humalizika saa 11 na dakika 47 hivi. Mapumziko ni robo saa. Kipindi cha pili huanza saa 12 na dakika chache, na filimbi ya mwisho hulia kama saa 12 na dakika 50. Sasa, mwezi wa Juni na mwezi wa Novemba jua la Dar es Salaam huzama baina ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 20. Maana yake adhana ya Magharibi inatoka mchezo ukiwa dakika ya 60. Mwezi wa Februari jua huchelewa hadi karibu saa 12 na dakika 45, na hapo mambo ni mepesi kidogo.

Je, shabiki wa maisha atainuka dakika ya 60? Tuseme kweli, hatainuka. Tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza 3-0. Waliotoka uwanjani wakijua yamekwisha walisikia wakiwa njiani kwamba Simba imerudisha yote matatu na mechi imekwisha 3-3. Tangu siku ile hakuna shabiki anayetoka mapema tena, hata akiongoza kwa mabao mangapi.

Basi tumwambie nini? Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wana kauli mbili juu ya wakati wa Magharibi. Kauli mpya ya Imamu inaufanya mfupi sana, kadiri ya kutawadha, kujisitiri, adhana, iqama na kuswali rakaa tano. Kauli ya kale inaupeleka hadi wekundu wa magharibi unapotoweka, na hiyo ndiyo Imamu Nawawi aliyoitilia nguvu. Kwa hiyo mtu aliyekaa mpaka filimbi ya mwisho bado ana wasaa, ingawa kuchelewesha si adabu nzuri. Swala ile haipotei uwanjani. Inapotea barabarani. Filimbi inalia, watu wanamiminika mageti, daladala zimejaa, Barabara ya Mandela imesimama, na anapofika Mbagala au Kimara adhana ya Isha imeshatoka zamani. Hapo ndipo husikia mtu akijitetea kwamba alikuwa safarini. Aliyetoka Morogoro au Dodoma ni msafiri, naye ana ruhusa yake ya kuakhirisha Magharibi na kuikusanya na Isha kwa nia. Aliyetoka Mbagala si msafiri, hata kama foleni ilimla saa tatu.

Dawa yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Alasiri huingia kati ya saa 9 na robo na saa 10, na wengi saa hiyo wameshaketi. Mtu aingie na udhu wake, achukue mkeka mwembamba au kanga, aswali Alasiri katika korido nyuma ya viti, kisha ajitahidi kuuhifadhi udhu ule. Nimewaona wakiswali hivyo juu ya bendera za timu zao. (Wa Msimbazi wana tabu ya ziada, maana bendera yao ina picha ya mnyama, hivyo huigeuza.) Filimbi ya mwisho ikilia, asikimbilie geti. Abaki na wanawe, waswali Magharibi pale pale, umati ukipungua ndipo watoke.

Hata hivyo mzigo huu usiwe wa shabiki peke yake. Wanaopanga ratiba wanajua saa ya kuzama jua kama wanavyojua saa ya matangazo ya televisheni. Mechi ikianza saa 10 alasiri, huisha kabla ya Magharibi. Ikianza saa 2 usiku, mtu ameshaswali zote mbili. Saa 11 ndiyo inayoikata Magharibi katikati. Mechi ya watani iliyopangwa usiku wa tarehe 8 Machi 2025 ilikuwa ndani ya Ramadhani, na mabishano makubwa yakawa juu ya Simba kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, hata ikaahirishwa na kuja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2-0. Katika maneno yote yaliyosemwa wiki ile, ya futari na tarawehe za maelfu ya watazamaji sikuyasikia. Uingereza, nchi ambayo Waislamu ni wachache, mwezi wa Aprili 2021 mechi ya Leicester City na Crystal Palace ilisimama kwa muda mfupi, kipa akichelewesha mpira wa goli kwa makubaliano, ili Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wafuturu. Mwaka 2022 klabu ya Blackburn Rovers iliufungua uwanja wake kwa swala ya Idi. Sisi tunaomba sehemu yenye mikeka na mabomba ya maji, itangazwe pamoja na orodha ya mageti. Hilo halihitaji fedha nyingi.

Suala la kungoja umati upungue lina uzito kuliko la swala peke yake. Tarehe 28 Mei 2023 Yanga iliikaribisha USM Alger ya Algeria katika fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kabla ya mpira kuanza palitokea msongamano katika mageti ya Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mtu mmoja alifariki dunia, wengine makumi walijeruhiwa. Yanga ilifungwa 2-1 siku ile, ikaenda Algiers ikashinda 1-0, ikalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Mashabiki wote wanalikumbuka bao lile la ugenini. Yule aliyekufa getini alikuwa ni mtu aliyeaga kwao kwamba anakwenda kutazama mpira.

Waliosoma habari za Accra wanajua jambo hili linaweza kufika wapi. Tarehe 9 Mei 2001 walikutana Hearts of Oak na Asante Kotoko, watani wa jadi wa Ghana kama walivyo wetu hawa. Mashabiki waliofungwa wakaanza kung'oa viti na kuvirusha, polisi wakapiga gesi ya machozi ndani ya uwanja, watu wakakimbilia mageti yaliyofungwa. Walikufa watu wasiopungua 126. Wenye kurusha viti walikuwa wachache, waliokufa walikuwa wengi. Mzazi anayekwenda na watoto lazima ajue geti aliloingilia na lile atakalotokea, awatangulize mbele yake na si kuwaacha nyuma, na asiingie katika msukumano kwa sababu tu timu imeshaingia uwanjani. Dakika kumi za mwanzo wa mchezo si kitu. Na anayesukuma ili aingie bila tiketi anazidhulumu nafsi mbili, ya mwenye uwanja na ya mtoto aliyebanwa ukutani.

Tuje kwenye ulimi. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na neno hilo halikuokotwa. Utani katika jamii zetu, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi au wa Wangoni na Wahehe, ulikuwa na kanuni zake. Mtani alikuwa na haki ya kukusema, na pia alikuwa na wajibu wa kuwa wa kwanza kufika msibani kwako. Mwenye kukutania lazima awe mwenye kukuzika. Je, tunayoyasikia majukwaani leo ni utani huo? Upande mmoja huitwa Utopolo, mwingine Makolo. Suratul Hujurat, aya ya 11, inakataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na hapo masheikh wetu wana haki ya kutukemea. Nionavyo mimi, jina ambalo mwenye nalo mwenyewe amelikubali na kulicheka halilingani na tusi, na wengi wameshalikubali. Lakini wimbo unaomtaja mama wa mwamuzi, au kelele anazopigiwa mchezaji kwa sababu ya nchi aliyotoka, hayo hayana mlango wa utani wa kuyaingizia. Tena huimbwa mbele ya watoto wa madrasa, nao wana kifua chepesi cha kuhifadhi.

Lipo la ulimi lililo zito zaidi, nalo huanzia nyumbani. Mume ni wa Msimbazi, mke ni wa Jangwani, na nyumba kama hizo ni nyingi na nyingine zina raha yake. Asubuhi ya mechi mume anatamka kwa mzaha: "Leo tukifungwa, nimekuacha." Watu wanacheka. Ndugu zangu, talaka ni miongoni mwa mambo ambayo mzaha wake huhesabiwa kuwa kweli, na talaka iliyofungwa na sharti, sharti likitimia, kwa madhehebu yetu imepita. Mtu huyo, saa 12 na dakika 50 jioni, timu yake ikiwa imefungwa, amerudi nyumbani kwa mwanamke aliyekwisha kumpa talaka. Aliyewahi kutamka neno kama hilo aende kwa sheikh au kadhi leo hii, asingoje msimu uishe. Na mke aliyesikia asidhani kunyamaza ni stara.

Nimeacha jezi mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mwaka 2017 klabu zote mbili ziliingia mkataba na kampuni moja ya kubashiri matokeo, na katika miaka iliyofuata vifua vya jezi zetu vimezoea matangazo ya namna hiyo. Kubashiri kwa fedha ni kamari, na Suratul Maida, aya ya 90, imeitaja kamari pamoja na ulevi. Hapo hakuna kauli mbili za kuchagua. Baba anamnunulia mwanawe wa miaka saba jezi, mtoto anaivaa kwa furaha, anakwenda nayo chuoni kwa ustadhi huku kifuani ameandikwa jina la nyumba ya kamari. Naye akishakua na simu yake, lile jina analolifahamu tangu utotoni ndilo atakalolibonyeza.

Kamari humharibu hata shabiki kama shabiki. Siku hizi utamwona mtu majukwaani amevaa jezi ya timu yake, macho yako kwenye simu. Ameweka fedha zipigwe kona zaidi ya kumi, hivyo adui akipata kona naye anafurahi. Mwingine amebashiri timu yake ifungwe, ili ikifungwa apate cha kujiliwaza. Yule mzee wa kofia ya vito hawezi kumwelewa mtu huyu, na ana haki. Miaka hamsini ameumia bila kulipwa, huyu ameuza maumivu yake kabla hayajafika.

Wachezaji Waislamu wa nje wamelikabili jambo hili mbele ya umma. Hashim Amla aliichezea Afrika Kusini kriketi kwa miaka mingi bila kuvaa nembo ya bia iliyokuwa kwenye jezi za wenzake. Sonny Bill Williams, mchezaji wa raga wa New Zealand, mwaka 2017 aliomba asivae nembo ya benki kwa ajili ya riba, akakubaliwa. Papiss Cissé wa Senegal alipokuwa Newcastle mwaka 2013 aliigomea nembo ya kampuni ya mikopo, ingawa mwisho aliivaa. Italia na Hispania zimeyapiga marufuku matangazo ya kamari kwenye jezi, na mwaka 2023 klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana kuyaondoa kifuani baada ya msimu wa 2025/26.

Wengine watasema klabu zetu hazina fedha za kukataa. Mikataba ile ni mabilioni ya shilingi, na mishahara hulipwa kwa hayo, ninalifahamu. Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni dogo. Huko Uingereza, tangu mwaka 2007, jezi za saizi za watoto haziuzwi na nembo ya kamari, hata timu ya wakubwa ikiwa inayo. Kifua cha jezi ya mtoto huachwa kitupu. Viongozi wa Msimbazi na Jangwani wanaweza kulifanya hilo msimu ujao bila kuvunja biashara yao, na wazazi wawaandikie na kuwauliza katika mikutano ya wanachama, kwa kuwa wanachama wana sauti. Hadi hapo, jezi ya mtoto ipelekwe kwa fundi cherehani, ashone kipande cha kitambaa cha rangi ileile juu ya maandishi yale. Nyekundu au kijani, vyote vinapatikana Kariakoo.